Mikia Tuliyoikata

Tarehe 4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumai mguu unaendelea kupona na kwamba Dada hakubanii chumvi kupita kiasi. Ukimlalamikia tena kwangu nitamuunga mkono yeye.

Ndani ya bahasha kuna karatasi sita za michoro ya presha ya moyo. Ningeweza kuzipiga picha kwa simu, lakini umeniambia mara mia kwamba simu inavuta miraba na kuifinya, na rula yako haitaki kudanganywa. Kukupigia nako ni kuwasumbua majirani zako wote na wewe usisikie. Basi nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi.

Mgonjwa ni refa wa mpira wa miguu, miaka hamsini na mbili. Wodi nzima inamwita Refa. Mwaka juzi alikimbia dakika tisini akiwafokea vijana. Sasa ngazi kumi na mbili za kuingilia wodini anazipanda kwa vituo vitatu. Miguu imevimba, tumbo limejaa maji, mishipa ya shingo imetuna. Picha ya moyo ilionyesha kwamba moyo unabana vizuri ila haulegei. Ndipo Daktari Mkuu akaamua tuingize mirija tupime presha ndani ya moyo wenyewe.

Chumba cha chini cha kulia: kikibana arobaini na mbili, kikijaa ishirini na mbili. Cha kushoto: kikibana mia na kumi na nane, kikijaa ishirini na tatu. Mchoro umeshuka ghafla, umepanda ghafla, kisha umelala kama meza. Mkuu amesema msuli wa moyo umekakamaa. Hakuna cha kukata wala cha kushona. Apewe dawa za kukojosha, apumzike, na familia iambiwe ukweli.

Nimemwambia mimi, jana. Mkewe alikuwa amepakata mfuko wa machungwa. Refa akanitazama, akauliza, "Daktari, hiyo ni kadi ya njano au nyekundu?" Nikamjibu kwamba hapa hatuna kadi. Akasema, "Basi umeificha mgongoni."

Sikuombi upinge. Nataka tu uniambie kama mchoro ni safi. Tulifuata sheria zako tano ulizotuachia ukutani ulipostaafu. Kimya, yule fundi wetu asiyenyamaza, alizisoma kwa sauti kama kawaida yake: "Mzee Rula amesema, mgonjwa ashikilie pumzi!"

Mpwa wako


Tarehe 9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Mguu unapona, chumvi hakuna.

Michoro ni safi. Nimeipima yote kwa rula na sikuona mahali mkono wako ulipotetemeka. Sasa nivumilie nikueleze jambo unalolijua, maana mzee akieleza hujieleza na yeye mwenyewe.

Moyo una kazi mbili. Kubana kila mtu anakujua. Kulegea ndiko kunakosahauliwa, na moyo usiolegea haujai. Damu inakosa nafasi inarudi nyuma, inarundikana shingoni, tumboni, miguuni. Ndiyo hali ya Refa wako.

Lakini moyo hukataa kulegea kwa njia mbili. Ya kwanza, msuli wenyewe umekuwa mgumu kama kiatu kilichonyeshewa kikakaukia juani. Ya pili, msuli ni mzima kabisa, ila ule mfuko mwembamba unaouzunguka ndio uliokakamaa. Hapo moyo ni kama mtu mzima aliyevishwa koti la mtoto wa darasa la kwanza: mikono anayo, nguvu anazo, kujinyoosha hawezi. Ugonjwa wa kwanza hauna kisu. Wa pili, daktari wa upasuaji hulivua lile koti, na mtu akarudi kuwa mtu.

Ubaya ni kwamba presha za vyumba viwili hufanana katika magonjwa yote mawili. Ishirini na mbili kwa ishirini na tatu. Kushuka, kupanda, meza. Karatasi zako sita zinaweza kuwa za koti au za kiatu. Kuna kitu kimoja kinachoninong'oneza: presha ya chumba cha kulia, kile kinachosukuma damu mapafuni, ni arobaini na mbili tu. Kwa msuli mgumu kiasi hiki ningetegemea ipite hamsini. Huo si ushahidi, ni mnong'ono.

Naomba unijibu maswali matatu. Refa aliwahi kuugua kifua kikuu? Mna kipande chochote cha karatasi ambapo alikuwa anapumua kawaida? Na ile mikia, yaani mwanzo na mwisho wa karatasi kabla hajashikilia pumzi na baada ya kuachia, mmeihifadhi?

Usikawie kujibu.

Mjomba wako


Tarehe 13 Machi

Mjomba,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekunja uso.

Unaniuliza kuhusu mikia? Sheria ya tatu, kwa mwandiko wako, kwa wino mweusi: "Kata mikia. Karatasi ya kabla ya pumzi na baada ya pumzi si kazi." Iko pale juu ya sinki, imefunikwa plastiki ili isilowane. Mikia imeenda kwenye ndoo kama inavyoenda kila siku. Na kipande cha kupumua kawaida nitakitoa wapi, wakati sheria ya kwanza inasema ashikilie? Kama unataka kunipima kama nakumbuka masomo, niambie tu kwamba ni mtihani, nisijisumbue kutafuta majibu kwenye pipa la taka.

Kifua kikuu, ndiyo. Alipokuwa na miaka ishirini na saba. Alimeza dawa zote, akapona, akarudi uwanjani. Hakuna aliyemwuliza hadi nilipomwuliza mimi juzi mlangoni, akiwa tayari ameshavaa viatu. Alikuwa anaenda nyumbani. Viatu ni vya mwanawe, maana vyake havimwingii tena.

Mkewe alinivuta pembeni, akaniuliza, "Mwanangu, nimpikie nini mtu ambaye hamna la kumfanyia?" Nikamwambia apunguze chumvi. Hilo ndilo jibu nililompa.

Mjomba, kwa nini unauliza kuhusu mikia?

Mpwa wako


Tarehe 17 Machi

Mpwa wangu,

Si mtihani. Nisamehe kwa kuuliza kama mtu anayechungulia dirishani badala ya kubisha hodi. Leo nabisha.

Fikiria ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja chembamba, kilichowekewa ukuta kila upande. Mmoja akijigeuza na kujitanua, mwingine lazima abanwe. Hivyo ndivyo vilivyo vyumba viwili vya moyo ndani ya mfuko uliokakamaa. Mgonjwa akivuta pumzi, chumba cha kulia kinajaa zaidi na presha yake inapanda. Cha kushoto kinabanwa, presha yake inashuka. Mmoja juu, mwingine chini, kila pumzi. Kama ugonjwa ni wa msuli, hakuna kugombea kitanda: vyote viwili hupanda pamoja na kushuka pamoja, kama watu walio kwenye lifti moja.

Sasa mwambie mgonjwa ashikilie pumzi. Ndugu wote wawili watalala kimya. Unawatazama, wametulia, mchoro unapendeza, na huwezi kamwe kujua kama kitanda ni chembamba. Jibu limo kwenye mikia, mwanangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kuikata.

Sheria zile niliziandika nikiwa kijana. Mashine zetu zilikuwa mbovu, mistari ilicheza kama nyasi za mtoni, na madaktari walikuwa wakinigombeza. Pumzi ikishikiliwa, mstari ulitulia. Kwa wagonjwa wengi sheria ile haikudhuru kitu, ndiyo maana ilidumu.

Miaka kumi na tisa iliyopita aliletwa mama mmoja, mshonaji wa sare za shule. Miguu, tumbo, shingo, kama Refa. Nilimpima mimi. Mchoro ulitoka mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Ndio ule wa mfano ulio kwenye fremu karibu na mlango, wenye maandishi "Msuli uliokakamaa". Tukamwambia hakuna la kufanya. Akafa baada ya miezi minne, na mwili ukafunguliwa. Daktari aliyeufungua alinikuta chumba cha chai, akaniambia, "Yule mama wa sare, msuli wake ulikuwa mwekundu na laini. Mfuko ndio uliokuwa mgumu kama ganda la yai." Nikasema, "Aa." Nikamalizia chai yangu.

Tangu siku ile, kila mgonjwa wa namna ile nilimwacha apumue kidogo kabla ya kuzima mashine. Nilifanya kimyakimya, watu wakadhani ni uzembe wa uzee. Mimi nilibadilika, ukuta sikuubadilisha. Ningeubandua, mtu angeuliza kwa nini. Kisha nikastaafu, mkono wangu ukaondoka na mimi, ukuta ukabaki kufundisha.

Mrudishe Refa. Apimwe tena, akiwa anapumua.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Nimekasirika sana. Naandika hivyo mwanzoni ili usiitafute hasira yangu katikati ya mistari.

Lakini nikikuhukumu peke yako nitakuwa mnafiki. Kuhusu pumzi nilijua. Nilifundishwa chuoni, nikajibu swali lake kwenye mtihani, nikapata alama zote. Siku ya Refa, mirija ikiwa ndani tayari, nilisema, "Tumwache apumue kidogo." Kimya akaelekeza kidole ukutani: "Unataka kumfundisha kazi mjomba wako? Huyu aliyekulipia ada?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikamwambia Refa ashikilie. Nilikutumia karatasi zile nikiomba uzisifu, huku moyoni nikiomba uniulize. Heshima ilinifunga mdomo, Mjomba, na heshima yenyewe nilikuwa naitoa kwa karatasi iliyofunikwa plastiki.

Nimeenda kwa Mkuu. Nimemweleza habari ya ndugu wawili na kitanda. Amenisikiliza akiwa anasaini mafaili, halafu akasema, "Binti, nimfungue mtu mishipa mara ya pili, damu yake ikiwa nyepesi hivi, haigandi upesi, kwa sababu umesoma kitabu? Mimi nimelelewa na ukuta ule. Mzee Rula hakuwahi kukosea." Nikamwambia barua yako ninayo. Akasema barua ya mjomba kwa mpwa ni mambo ya nyumbani.

Namwelewa. Mirija hiyo inaweza kuua. Hataiingiza tena kwa maneno yangu. Ataiingiza kwa maneno yako ukimwandikia yeye mwenyewe, kama fundi kwa daktari, na umtaje yule mama.

Refa amepiga simu leo. Anasema anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa kitambaa. Halafu akaongeza, "Usijali, daktari, muda wa nyongeza haujatangazwa."

Sijui kama nimekusamehe. Andika kwanza.

Mpwa wako


Tarehe 24 Machi

Kwa Daktari Mkuu,
Chumba cha Moyo

Salamu za heshima.

Ulipokuja chumba kile ukiwa daktari kijana, nilikufundisha kusoma presha, nawe ulijifunza haraka kuliko wote. Kwa sababu hiyo nina deni la kukwambia kwamba nilikufundisha jambo moja vibaya.

Sheria ya kwanza na ya tatu zilizoko ukutani ni makosa kwa mgonjwa ambaye moyo wake haujai. Nimelijua hilo kwa miaka kumi na tisa. Mchoro wa mfano ulio kwenye fremu si wa msuli uliokakamaa. Ni wa mfuko uliokakamaa. Mwenye moyo ule alikuwa mama mshonaji wa sare. Ripoti ya maiti iko kwenye kumbukumbu za mwaka ule, unaweza kuitazama. Aliambiwa hakuna dawa, na kisu kingeweza kumponya. Niliambiwa, nikanyamaza.

Kuhusu Refa nakuomba hivi. Mirija miwili iwe ndani kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, maana mistari iliyochorwa kwa zamu haiwezi kugombana. Sifuri, yaani kiwango cha kuanzia kuhesabu, ipimwe usawa wa katikati ya kifua, na ipimwe tena kama mtamwinua kwa mito. Apumue kwa utulivu, bila kujikaza. Na asiwe mkavu: dawa za kukojosha zisimamishwe siku mbili kabla. Mfuko mgumu usipokuwa na damu ya kutosha ndani yake huficha ugomvi wake. Presha mkiikuta ndogo, mpeni maji ya dripu, msubiri.

Barua hii si siri. Una ruhusa kumsomea yeyote.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu


Tarehe 3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Keti kwanza. Nitakueleza kwa mpangilio, unavyopenda.

Barua yako Mkuu aliisomea ofisini kwake mlango ukiwa umefungwa. Baada ya saa nzima akaja chumba cha moyo, akatuita wote, akaisoma kwa sauti akiwa amesimama. Alipofika kwenye "nikanyamaza" alisita. Akaendelea. Mkuu akakunja karatasi, akasema, "Mwiteni yule mgonjwa."

Refa alikuja jana. Alipolala mezani akauliza, "Kwa hiyo penalti inarudiwa?" Mkuu akamjibu, "Inarudiwa. Kipa alisogea mapema." Sikujua kwamba Mkuu anajua mpira.

Tukaingiza mirija miwili. Kulia mstari wa bluu, kushoto mwekundu. Sifuri katikati ya kifua, nimeipima kwa ile rula yako ya zamani uliyoniachia. Nikasema, "Pumua tu, Refa, kama umekaa barazani." Akapumua. Mistari miwili ikatembea pamoja. Pumzi ya kwanza, ya tatu, ya kumi. Ikipanda yote, ikishuka yote, au karibu na hapo. Lifti moja. Mkuu akanitazama, si kwa ubaya. Kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma.

Ndipo nikaangalia namba. Presha ya kujaa ilikuwa kumi na mbili, wakati mwezi uliopita ilikuwa ishirini na mbili. Nikamwinamia Refa: "Dawa za kukojosha uliziacha lini?" Akanong'ona, "Mke wangu aliona miguu inajaa, akaogopa. Nimemeza mpaka leo asubuhi. Usimwambie nimesema."

Nikasema, "Mkuu, amekauka. Barua inasema maji." Kimya alikuwa ameshaanza kusafisha vifaa. Mkuu akasimama akitazama saa ya ukutani, kisha akasema, "Nusu lita."

Dakika ishirini, Mjomba. Tone kwa tone. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini na moja. "Vuta pumzi, Refa. Usishikilie. Sasa achia."

Bluu ilipanda kutoka arobaini hadi arobaini na saba. Nyekundu ikashuka kutoka mia na ishirini hadi mia na nne. Akaachia, zikabadilishana. Akavuta, zikagombana tena. Mkuu akasema, "Tena." Tukarudia mara tano, na mara zote tano walikuwa wanagombea kitanda. Kimya akasema kwa sauti ya chini, "Tumewakata mikia wangapi?" Refa naye kutoka chini ya shuka: "Mmenyamaza nini? Ni goli au si goli?"

Nikamwambia ni goli. Sikuweza kujizuia.

Upasuaji ni tarehe 14, kwenye hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji amesema ukweli mbele ya mke: mfuko umegandamana na moyo, ataubandua kipande kwa kipande, na kati ya watu kumi wa aina hii mmoja hatoki chumba cha upasuaji. Mke akauliza, "Na asipopasuliwa?" Daktari akasema, "Hakuna hata mmoja anayebaki." Wametia saini. Nitamsindikiza.

Mpwa wako


Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Leo ni siku ya sita tangu upasuaji na sijapata neno.

Dada yako anasema mabasi yamechelewa kwa mvua. Nayajua mabasi. Najua pia mwandiko wa daktari ambaye hajui aanzeje barua. Jana nilienda kituoni mara mbili kwa huu mguu, karani akaniambia, "Mzee, bahasha ikija nitakuletea mwenyewe, rudi ukapumzike."

Usinipunguzie. Kama Refa ameondoka, niandikie mstari mmoja tu. Nilishawahi kupewa habari kama hiyo nikiwa na kikombe mkononi, na sitaki kuipokea tena nikisema "Aa".

Mjomba wako


Tarehe 27 Aprili

Kwa Mzee Rula,

Shikamoo mzee wangu. Hunijui ila nasikia unaujua moyo wangu kwa milimita. Mimi ni Refa.

Naandika mimi kwa sababu mpwa wako amelala kwenye kiti, mdomo wazi, na nimemkataza mke wangu asimwamshe. Siku ya pili baada ya kunipasua nilivuja damu wakanifungua tena. Halafu nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia siku saba. Binti wa watu hakutoka. Mke wangu anasema alikuwa anaanza kukuandikia, anachana, anaanza, anachana. Msamehe.

Sasa habari nzuri. Daktari wa upasuaji anasema alipolibandua lile gamba, presha ilishuka hapohapo mezani kutoka ishirini na nne hadi tisa. Jana nimetembea mpaka dirishani. Leo nimevaa viatu vyangu mwenyewe na vinapwaya. Nimekojoa hadi manesi wamechoka kupima.

Nilimwuliza mpwa wako kwa nini safari ya kwanza mlinirudisha nyumbani nikafe. Akanieleza yote, na barua yako akanisomea. Kwa hiyo sijui nikuandikie asante au nikushitaki. Mke wangu anasema asante. Mwanangu anasema lile la pili. Mimi nimeamua kukuhadithia kitu.

Nilipokuwa na miaka mitatu tu katika kazi ya urefa, nilikataa goli la timu ya vijana fulani kwenye fainali. Nilikuwa nyuma ya mchezo, sikuona vizuri, nikapuliza kipenga kwa kiburi. Usiku uleule rafiki yangu akanionyesha picha: mpira ulikuwa umevuka mstari hatua nzima. Ningeweza kukaa kimya. Wote walikaa kimya. Jumatatu nilienda uwanjani kwao wakiwa mazoezini, nikawaambia, "Lile lilikuwa goli." Mmoja akanitupia chupa. Kombe halikurudi, matokeo hayakubadilika hata kidogo. Lakini kipa wao, sasa ni mtu mzima ana watoto, kila tukikutana ananiambia: tulidhani tulikuwa wabovu, kumbe tulishinda.

Yule mama mshonaji alikuwa na watu?

Ni hilo tu. Manesi wanakuja, wanataka nipumue kwa nguvu. Siku hizi hakuna anayeniambia nishikilie.

Refa


Tarehe 5 Mei

Kwa Mama wa Duka la Sare,

Salamu. Barua hii anakuletea mpwa wangu, ambaye ni daktari. Anajua kilichomo, na atasubiri ukitaka kumwuliza chochote. Usipotaka, mwambie aondoke, ataondoka.

Huenda unanikumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita ulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha moyo, una miaka kama kumi na saba, umeshika mkoba wa mama yako kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyetoka na koti jeupe nikakwambia, "Tumemaliza." Baadaye ulipochukua cherehani yake na kuendeleza duka, nilikuwa nikipita pale kila asubuhi kwenda kazini, na kila asubuhi nilivuka barabara nikapita upande wa pili.

Mliambiwa kwamba moyo wa mama yako ulikuwa umekakamaa msuli na hakuna ambaye angeweza kumsaidia. Nimesikia kwamba hadi leo unakwenda kupimwa kila mwaka kwa kuogopa kwamba umerithi moyo ule. Hukuurithi, kwa sababu hakuwa nao. Msuli wa moyo wake ulikuwa mzima. Kilichokuwa kimekakamaa ni mfuko unaouzunguka, na mfuko huo hupasuliwa, na wengi hupona. Mwezi uliopita mtu mwenye ugonjwa uleule amepona.

Kosa lilikuwa katika namna nilivyompima. Nilimwambia ashikilie pumzi wakati ambapo nilipaswa kumwacha apumue. Niliambiwa ukweli baada ya kifo chake na sikuja kwenu. Sina sababu ya kukupa. Nilikuwa na njia fupi ya kuja kwako na nikavuka barabara.

Siombi kusamehewa kwa barua. Ukiniita nitakuja kwa basi, nitaketi utakaponiambia, na utauliza kwa muda utakaotaka. Ukitaka kupeleka jambo hili mbele, ripoti iko hospitalini, na Daktari Mkuu ameahidi kukupa nakala siku utakayoiomba.

Lakini kuna jambo moja la mama yako ambalo mimi peke yangu ndiye ninayelijua, na si haki nife nalo. Alikuwa anaogopa siku ile. Mikono ilikuwa ya baridi, aliniuliza kama itauma. Nilipomwambia avute pumzi na kuishikilia, alifumba macho, akatulia kabisa, na hakuachia hadi nilipomruhusu. Nimepima maelfu ya watu. Hakuna aliyenitii vizuri kama yeye.

Fundi aliyempima